Gari Linalozima Likipata Moto: Kutoka Njia ya Mombasa hadi Sydney

Katika mikutano yetu ya Idi na arusi hapa Sydney kuna lalamiko moja ambalo nimelisikia miaka mingi, na hata leo halijaisha. Mtu husema: "Gari langu asubuhi linawaka bila taabu na linakwenda vizuri, lakini likishapata moto linazima. Nikilipumzisha linawaka tena, kama kwamba halikuwa na neno." Mwenye kusema hivyo aghalabu ameshawalipa mafundi wawili au watatu, na ugonjwa uko pale pale. Baadhi ya jamaa wamekwisha kuyauza magari ya wazee wao kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu hiyo tu.

Ugonjwa huu una historia, na historia hiyo ni yetu pia. Baba zetu na ami zetu walioendesha magari kutoka Mombasa hadi Nairobi, Tanga hadi Arusha, au Dar es Salaam hadi Morogoro, waliujua barabara, na walikuwa na utaratibu wa kuutafuta. Utaratibu huo umekaribia kupotea, kwa kuwa hapa duka la vipuri haliko mbali, na mtu huona wepesi kubadilisha kitu kuliko kukichunguza. Mimi si fundi. Nilikuwa mwalimu, na naliandika jambo hili kama somo, ili watoto wetu walikute limeandikwa.

Asili ya ugonjwa

Injini ya petroli haitaki mambo mengi. Yataka petroli, hewa na cheche, kila kimoja kwa kiasi chake na kwa wakati wake. Inapozima, kimoja katika hivyo kimekosekana au kimezidi. Lakini injini ambayo huzima baada tu ya kupata moto inatuambia jambo la ziada: kuna kitu kinachoharibiwa na joto, au kuna kitu kinachopungua kidogo kidogo kwa muda wa mwendo. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na kuyachanganya ndiko kunakopoteza fedha za watu.

Tuanze na cheche. Utaratibu wa betri, koili na pointi uliotumiwa na magari mengi ya karne ya ishirini ulitengenezwa na Mmarekani Charles Kettering, ukatiwa katika gari la Cadillac la mwaka 1910. Ndani ya koili kuna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Koili ikizeeka, waya huo huweza kukatika mahali padogo pasipoonekana. Ikiwa baridi, ncha mbili zilizokatika hugusana na umeme hupita. Ikipata moto, ncha zile huachana na cheche hupotea. Baada ya nusu saa ya kupoa hugusana tena, na dereva huapa kwamba gari lake ni zima. Kondensa nayo, kile kikopo kidogo kinachokaa pamoja na pointi, hufanya vivyo hivyo: joto likizidi, kinga yake ya ndani huvuja, cheche hugeuka kutoka buluu ikawa ya manjano na dhaifu, na pointi huungua.

Sasa petroli. Petroli si kitu kimoja kama maji. Ni mchanganyiko wa vitu vingi, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye digrii 35 au 40 tu. Katika gari la Ford la Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, petroli iliteremka yenyewe kutoka tangini hadi kwenye kabureta. Baadaye tangi likawekwa nyuma na chini, na kufikia miaka ya 1930 magari mengi yalikuwa na pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini, ikiivuta petroli kwa kuinyonya. Hapo likaingia balaa. Pampu hukaa karibu na moto wa injini, na petroli inayonyonywa hugeuka mvuke kwa wepesi zaidi kuliko ile inayosukumwa. Mvuke ukijaa katika pampu na bomba lake, pampu hupiga bure, kabureta hukauka, na gari huzima.

Kabureta yenyewe ina neno lake. Injini baridi hutaka petroli nyingi na hewa chache, ndiyo maana ikawekwa choki. Choki ikikwama imefungwa, asubuhi gari huwa tayari kuondoka, lakini baada ya dakika tano hutoa moshi mweusi, hukohoa na kuzima kwa kushiba kupita kiasi. Hapa si njaa, ni kuvimbiwa, na kumwongezea mafuta mgonjwa wa namna hii ni kumwua.

Njia ya Mombasa

Njia ya Mombasa hadi Nairobi ilikuwa shule kubwa ya ugonjwa huu. Ni safari ya kilomita 480 hivi, ikianza ufukweni na kupanda hadi kiasi cha mita 1,660 juu ya bahari. Juu huko hewa ni nyepesi, maji huchemka kwenye digrii 94 au 95 badala ya 100, na petroli nayo huchemka mapema zaidi. Gari lililojaa watu na mizigo, likipanda polepole baada ya jua kali la Voi na Mtito Andei, lilikuwa limekusanyikiwa na sababu zote: joto, mzigo na mwinuko.

Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Coronation Safari katika Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka huo gari lililopoteza pointi chache kuliko yote lilikuwa Volkswagen la Alan Dix. Baadaye ikaja zamu ya Peugeot 404, iliyoshinda mwaka 1963, kisha 1966 na 1967 kwa mkono wa Bert Shankland wa Tanzania, na tena 1968. Ushindi huo uliwafanya wenye teksi waiamini. Hata mimi nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari katika miaka ya 1970, kusema "nakwenda na Peugeot" kulikuwa na maana ya kupanda teksi ya watu wengi ya kwenda bara.

Peugeot 404 haikupata sifa hiyo kwa bahati. Pangaboi lake la kupozea injini lilikuwa likizunguka pale tu joto lilipohitaji, kwa kushikwa na sumaku ya umeme. Watengenezaji walikuwa wamelifikiria joto tangu mwanzo. Hata hivyo gari huzeeka, na njiani hakuna duka. Dereva na utingo wake walibeba koili kuukuu moja, kondensa moja, pointi, plagi mbili, kipande cha mpira wa mafuta na dumu la maji. Kwa sababu akiba ilikuwa ndogo, hawakuthubutu kubadilisha kitu kwa kubahatisha. Kila jambo walilithibitisha kwanza.

Namna yao ilikuwa hivi. Gari likizima, utingo alitoa plagi moja, akaiunga na waya wake na kuiegemeza kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta, kisha dereva akapiga stata. Cheche ikiwa buluu na ya nguvu, umeme umesamehewa. Kisha walifunua kabureta na kuvuta waya wa petroli: je, petroli inaruka ndani au pamekauka? Kama pamekauka, pampu ilifunikwa kitambaa kilichorowa maji. Ikiwa baada ya dakika chache petroli imerudi, basi ni mvuke. Yote hayo yalifanywa gari likiwa bado na moto. Hiyo ndiyo siri kubwa: mgonjwa wa homa hupimwa akiwa na homa. Ukimpeleka kwa tabibu asubuhi amekwisha poa, tabibu ataona nini?

Sydney nayo

Wengi wetu tulidhani mambo haya tumeyaacha Afrika. Lakini Australia ilikuwa ikisoma kitabu kile kile. Mwaka ule ule wa 1953, miezi mitatu baada ya Safari ya kwanza, magari yalitoka hapa Sydney kwenda kuizunguka Australia katika mashindano ya Redex, safari ya zaidi ya kilomita 10,000, nyingi yake katika vumbi na mawe. Aliyeshinda alikuwa Ken Tubman, mwuza dawa wa mji wa Maitland katika jimbo letu hili la New South Wales, akiwa na John Marshall. Gari lao lilikuwa Peugeot 203. Kwa hiyo sifa ya Peugeot ilizaliwa upande huu pia wa Bahari ya Hindi, na Peugeot 504, ambayo iliunganishwa Mombasa, iliunganishwa vilevile Heidelberg karibu na Melbourne mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jamaa waliofika hapa wakaikuta barabarani waliona kama wamekutana na mtu wa kwao.

Lakini gari la wenyeji lilikuwa Holden, lililoanza kutengenezwa mwaka 1948, na la mwisho kutengenezwa nchini likatoka kiwandani mwaka 2017. Familia nyingi katika kitabu hiki zilianza maisha ya hapa kwa Holden kuukuu. Injini zake za silinda sita zilikuwa na pampu ubavuni, pointi na kondensa, kama yale magari ya kwetu. Na joto halikosekani: Penrith, magharibi mwa Sydney, ilifika digrii 48.9 tarehe 4 Januari 2020. Wala mwinuko haukosekani: njia ya Katoomba hupanda mpaka kiasi cha mita 1,000. Anayetoka Blacktown adhuhuri ya Januari kwenda kuwapunga watoto upepo milimani anapita, kwa kiasi chake, katika njia ya Mombasa.

Kilichobadilika ni petroli. Mwaka 1986 magari mapya ya Australia yalianza kulazimishwa kutumia petroli isiyo na risasi, na petroli yenye risasi ikatoka sokoni mwaka 2002. Afrika kusini mwa Sahara iliiacha kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani mwaka 2021. Jambo hili lilikuwa la heri kubwa kwa afya za watoto, na si haki kulitupia kila lawama. Jingine ni kwamba tangu sheria ya mwaka 2007, New South Wales inauza kwa wingi petroli iliyochanganywa na ethanoli hadi sehemu kumi kwa mia. Magari ya kabureta yaliyotengenezwa kabla ya 1986 kwa jumla hayashauriwi kuitumia. Mchanganyiko huo hugeuka mvuke upesi zaidi, na hulainisha mipira ya zamani ya mafuta, ikabomoka ndani na kuziba njia. Mwenye gari la kale na anunue petroli isiyo na ethanoli, ingawa bei yake ni kubwa.

Tena wakati wa kiangazi serikali huweka kikomo cha wepesi wa petroli kugeuka mvuke, kwa kuchelea uchafu wa hewa ya Sydney. Wakati mwingine wa mwaka kikomo hicho hakipo. Ndiyo maana siku ya joto kali inayokuja ghafula mwezi wa Septemba au Aprili huweza kulizima gari ambalo lilivumilia Januari yote. Wenye gari hushangaa. Kumbe petroli iliyomo tangini ni ya baridi.

Gari la marehemu

Nitaeleza kisa kimoja kilichotokea miongoni mwetu miaka michache iliyopita. Mzee mmoja alifariki, akaacha Holden HR ya mwaka 1967 aliyoinunua kuukuu alipofika nchi hii. Gari lile ndilo lililowachukua maharusi watatu wa ukoo, na ndilo lililompeleka mjane wake hospitali kujifungua mtoto wa mwisho. Likaanza kuzima baada ya kiasi cha nusu saa ya mwendo. Siku moja lilizima katika barabara kuu ya M4, mjukuu akiliendesha na bibi yake amekaa nyuma, malori yakipita ubavuni kwa kasi. Toka siku hiyo bibi alikataa kulipanda.

Gereji moja, nisiyoitaja, ilibadilisha koili. Likazima. Ikabadilisha pampu. Likazima. Ikabadilisha kabureta nzima, na hesabu ikawa imepita bei ya gari lenyewe. Watoto wakakubaliana liuzwe chuma chakavu kabla ya mwezi kwisha.

Mjukuu akaenda kumwamkia mzee mmoja wa Mombasa, ambaye ujanani alikuwa utingo katika njia ya bara. "Shikamoo babu. Gari la marehemu linauzwa." Mzee akauliza swali moja tu: "Huzima baada ya muda gani, na huwaka tena baada ya muda gani?" Kijana hakuwa na jibu. Akaambiwa: "Basi hamjaliuliza. Nichukueni nalo likaugue mbele yangu."

Wakatoka naye siku ya pili, katika barabara ndogo zisizo na magari mengi. Dakika ya thelathini na tano gari likaanza kukohoa, wakaliweka pembeni likazima. Mzee akawakataza wote kugusa kitu. Cheche: buluu. Kabureta: kavu. Akapapasa pampu na bomba lake, akasema, "Moto wa kawaida." Kisha badala ya kuomba maji alikwenda nyuma ya gari na kukifungua kifuniko cha tangi polepole. Wote wakasikia hewa ikiingia kwa mluzi. Akamwambia kijana apige stata. Pampu ikavuta mara chache, na gari likawaka.

Tangi la gari lile hupumua kwa kitundu kilichomo kifunikoni. Kifuniko cha asili kilikuwa kimepotea, na mtu alinunua kingine kinachoingia sawasawa, lakini cha gari la miaka ya baadaye, ambalo tangi lake hupumua kwa njia nyingine. Kwa hiyo kila petroli ilivyopungua, ndani ya tangi palivutika, mpaka pampu ikashindwa kunyonya. Ugonjwa haukuwa wa joto hata kidogo. Ulikuwa wa muda. Koili, pampu na kabureta vilitupwa bila kosa. Kifuniko chenye kitundu kilipatikana kwa bei ya chakula cha mchana, na gari halikuuzwa.

Maswali ya kuuliza

Kutokana na waliyoyafanya wazee, na vijana waandike haya katika daftari inayokaa ndani ya gari.

Kwanza, saa. Likizima dakika chache tu baada ya kuwashwa, tazama choki na kiasi cha petroli katika kabureta. Likizima baada ya nusu saa ya mwendo, fikiri kifuniko cha tangi, chujio, koili au kondensa. Likikataa kuwaka baada ya kusimama kidogo dukani siku ya joto, fikiri mvuke, kwa kuwa injini ikizimwa pangaboi husita na joto chini ya boneti hupanda.

Pili, namna ya kuzima. Likikatika ghafula kama taa, aghalabu ni umeme. Likikohoa, likapungua nguvu, kisha likafa, aghalabu ni petroli.

Tatu, namna ya kupona. Likipona mara moja kifuniko kikifunguliwa, umepata. Likipona baada ya dakika mbili tatu na kuugua tena upesi, huenda uchafu wa tangi unavutwa kwenye chujio na kuanguka linapotulia. Likihitaji nusu saa ya kupoa, ni koili, kondensa au mvuke, na kitambaa cha maji juu ya pampu kitakutenganishia.

Nne, badilisha kitu kimoja tu, kisha jaribu. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na gari likapona, hujui kilichoponya. Na lisipopona, huenda umeongeza ugonjwa mpya.

Wenye magari ya miaka ya 1990 wasidhani somo hili si lao. Kabureta na pointi zimeondoka, lakini joto halikuondoka. Katika magari hayo kitambuzi kidogo kinachoiarifu kompyuta mzunguko wa injini huweza kukatika ndani kikipata moto na kupona kikipoa, sawa na koili ya zamani. Swichi ya umeme ya pampu ya petroli nayo huweza kuwa na lehemu iliyopasuka, ikaachana kwa joto la ndani ya gari. Maswali ni yale yale: cheche ipo? Petroli ipo? Na yaulizwe gari likiwa linaugua.

Lililo juu ya yote ni usalama. Gari linalozima halifai kupelekwa katika barabara kuu mpaka sababu yake ijulikane. Likikuzimikia huko, watu wasibaki ndani wala kusimama kati ya gari na magari yanayopita. Watoke upande wa ukingo na wavuke kizuizi. Usifungue rejeta yenye moto. Usijaribu cheche mahali penye harufu ya petroli.

Kwa sheria za jimbo hili, gari lililotimiza miaka 30 laweza kuandikishwa kama gari la kihistoria kwa kupitia chama kinachotambuliwa, kwa gharama nafuu. Magari kadhaa ya wazee wetu yamefika umri huo au yameupita. Kabla hayajauzwa chuma chakavu, nawaomba vijana wafanye kama alivyofanya yule mjukuu: wawaendee wazee waliobaki, ambao hesabu yao hupungua kila mwaka, wawaulize, na waandike majibu. Kuuliza si ujinga. Mkutano ujao wa Idi uwe na meza moja ya kazi hiyo, nami nitaleta daftari.

Wabillahi tawfiq.